Redio, Televisheni na Pigo la Pili

Kwetu Morogoro gongo ilikuwa pombe, na mtu akisema fulani kauawa na gongo ulijua alikunywa hadi mwisho wake. London nikakuta gongo ni silaha. Ni mti mnene kichwani, mwembamba mkononi, uliobuniwa Marekani kwa mchezo wa besiboli, lakini watu niliowaona nao hapa hawakuwa na mpira. Mpangaji wa chini katika nyumba niliyokaa Walthamstow alilaza lake nyuma ya mlango. Dereva wa teksi aliyenirudisha nyumbani siku za mvua alikuwa nalo chini ya kiti. Siku moja aligombana barabarani na mwenye gari jingine, akalitoa, akavunja taa zote mbili za yule mtu huku mimi nimekaa nyuma na mifuko ya sokoni mapajani. Aliporudi kwenye usukani aliniomba radhi kwa kunichelewesha.

Nilimjua mtu mmoja tu aliyelipenda gongo kwa ajili ya mchezo wenyewe. Alikuwa bosi wangu, Mhindi mzaliwa wa Mwanza, mwenye duka Harrow. Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa nasoma uhasibu asubuhi, na mchana nilipanda treni kwenda kumuuzia magazeti, sembe, mihogo ya kwenye friza na kadi za simu za kupigia nyumbani. Yeye na mke wake walihama Mwanza wakiwa vijana, wakakaa miaka michache Kanada kwa kaka yake kabla ya kuja Uingereza. Kiswahili chake kilikuwa cha kanda ya ziwa, kizito na cha polepole, na nadhani aliniajiri ili apate mtu wa kukisema naye. Nilimwita Mzee, yeye aliniita binti. Mke wake nilimwita Mama. Alikuwa mwanamke mfupi, asiyepoteza maneno, ambaye angeweza kukaa mchana mzima akichambua dengu bila kuinua macho.

Besiboli Mzee aliitoa Kanada. Kaka yake aliyebaki huko alikuwa akimtumia vifurushi, na ndani yake mlikuwa na vitu viwili: kaseti za matangazo ya redio, na kanda za video ambazo mtoto wa huyo kaka alirekodi kutoka kwenye televisheni. Mara nyingi mechi ilikuwa ile ile moja. Kaseti alizicheza kaunta, kwenye redio kaseti iliyokaa kando ya mzani. Video tulizitazama kwenye chumba cha nyuma saa ambazo wateja walikuwa wachache, kwa mashine aliyoinunua makusudi, maana kanda za kule hazikukubali kwenye mashine za kawaida za hapa.

Mwanzoni sikuelewa kitu. Akanifundisha kwa viazi juu ya kaunta. Huyu anarusha mpira, mgumu karibu sawa na jiwe, kwa nguvu zake zote. Yule anasimama kando ya njia yake na gongo. Akiupiga vizuri anakimbia, akiukosa mara tatu anatoka. Mengine, alisema, utayapata njiani. Kweli niliyapata, na baada ya miezi kadhaa tukawa na ugomvi wetu wa kudumu, mimi na yeye: nani anatangaza vizuri zaidi, wa redio au wa televisheni?

Mtangazaji wa redio alikuwa mmoja, mzee kwa sauti, mkavu, asiyepandisha sauti bila sababu. Alikuwa anakuambia mrushaji amefuta jasho kwa mkono gani, upepo unapeleka bendera wapi, mpigaji amesogeza mguu kiasi gani. Halafu ananyamaza. Katika huo ukimya unasikia watu wanavuma, muuza karanga anaita, na ghafla mlio: pa! Mti na mpira. Mlio ulifika kabla ya maneno. Kwa nusu ya pumzi unajua umepigwa, hujui umekwenda wapi. Mzee alikuwa anafumba macho hapo, mkono ukiwa bado kwenye mfuko wa mchele.

Wa televisheni walikuwa wawili. Mmoja alitangaza, mwenziwe alikuwa mchezaji mstaafu aliyecheka sana. Mimi niliwatetea. Nilimwambia Mzee kwamba hao hawakudanganyi, kwa sababu picha ipo na unajionea mwenyewe. Yule wa redio anaweza kusema mpira umefika mbinguni na wewe Harrow utapinga vipi? Yeye alisema hao wawili hawatangazi, wanapiga soga mbele ya mchezo. Wanaongelea hoteli waliyokula jana huku mtu anatupiwa jiwe.

Tulikuwa tunafanya majaribio. Tunasikiliza kipande kwenye kaseti, kisha tunakitafuta kwenye video. Siku moja wa redio alieleza jinsi mchezaji wa nyuma alivyokimbia akiwa ameupa mpira mgongo, akanyoosha mkono akaudaka ukutani, kwa maneno yaliyomfanya mteja asimame na chenji mkononi asikilize. Kwenye video yule mchezaji alikimbia, ndiyo, lakini ukuta ulikuwa mbali kabisa na mpira ulimfikia taratibu. Nikacheka. Mzee alinuna. Alisema wa redio ameuona moyo wa yule mchezaji, na moyoni ukuta ulikuwepo. Nikamwambia huo ni uongo mtamu. Hakunisemesha mpaka jioni.

Mama aliwachukia wote. Mzee akienda msalani, alikuwa anaizima redio kaseti bila neno, na akirudi anaiwasha bila neno. Nilipomuuliza yeye anampendelea nani, alisema, “Wote wanapiga kelele. Hakuna anayesema kwa nini wanarushiana.”

Kuna kanda moja siisahau. Mrushaji alimpiga mpigaji usoni kwa mpira. Kwenye kaseti tulisikia sauti ambayo si ya mti, kitu kizito na kifupi, na uwanja wote ukavuta pumzi. Mtangazaji wa redio akaacha kusema. Nilidhani kaseti imekatika, nikataka kuifungua, Mzee akanishika mkono. Muda mrefu baadaye sauti ikarudi chini sana, ikasema mchezaji amelala, daktari amepiga magoti kando yake, na mengine hatayaeleza kwa sababu huenda mama wa kijana huyo anasikiliza. Kisha akanyamaza tena. Aliposema mguu wa kushoto umesogea, niligundua nimeuma mdomo wangu mwenyewe hadi damu.

Tukaenda nyuma kutazama video. Wale wawili waliionyesha picha ya pigo kwa mbele. Wakaionyesha kwa upande. Wakaionyesha polepole, shavu likiingia ndani na kurudi, jino likiruka na uzi wa mate. Mchezaji mstaafu akaeleza kwamba kijana aliinama mno, yeye enzi zake asingesimama vile. Wakaionyesha tena. Nilikuwa nataka kugeuza uso na sikuweza. Mzee aliinuka akachomoa waya ukutani.

“Yule mtoto kapigwa mara moja,” alisema. “Hawa wanampiga mpaka tangazo la bia lifike.”

Siku hiyo sikubishana naye.

Mtu mwenye gongo aliingia dukani majira ya kuchipua, alasiri ya manyunyu. Nilikuwa kwenye friza nimepakata mfuko wa sembe. Mzee alikuwa kaunta, kaseti inacheza. Aliyeingia alikuwa mwanamume kijana, kofia ya koti imelowa, na gongo alilitoa chini ya koti kama mtu anayetoa mwavuli. Alitaka droo ifunguliwe na sigara zitiwe kwenye mfuko. Alisema maneno hayo haraka, na sauti ya redio kaseti ilikuwa inamfunika. Nina hakika Mzee hakumsikia vizuri, kwa sababu alifanya kile alichomfanyia kila mteja aliyesema kwa sauti ndogo. Alinyoosha mkono apunguze sauti ya redio.

Yule mtu alidhani ananyoosha mkono abonyeze kengele ya hatari. Akapiga. Mfupa wa mkono ulivunjika na nikausikia ukivunjika, mlio mkavu. Mzee hakupiga kelele, aliutazama mkono wake. Pigo lililofuata lilimpata juu ya jicho, akaenda chini nyuma ya kaunta akivuta pamoja naye mzani na boksi la pipi. Damu ilikuwa kwenye magazeti. Yule mtu alipanda nusu ya kaunta na kuendelea kupiga kule chini nisikokuona, na juu ya hayo yote mtangazaji wa redio aliendelea kwa utulivu, akisema mrushaji anapangusa mikono, hana haraka.

Mimi sikusogea. Nasema ilivyokuwa: miguu iligoma. Mfuko wa sembe ulikuwa umenipasukia kifuani na nilikuwa mweupe kote.

Mama alitoka chumba cha nyuma. Alichukua kopo la samli kwenye rafu, lile kubwa, akamtupia kwa mikono miwili. Likampata shingoni. Yule mtu akageuka, akateleza kwenye sakafu iliyolowa kwa viatu vya wateja, akaanguka, gongo likabingirika hadi miguuni kwa Mama. Akaliokota. Alilishika vibaya, mikono imeachana kama anayeshika mchi, na akampiga nalo gotini. Yule mtu alilia kama mtoto. Alijikunja, kisha akainuka kwa mikono na goti moja, anamtukana Mama, anamwambia atarudi awachome moto wote humo ndani. Mama akampiga tena, goti lile lile. Hapo ndipo miguu yangu iliponikubali. Nilimkumbatia Mama kwa nyuma, nikasikia mwili wake ulivyokuwa mgumu, na ilinibidi nimfungue vidole kimoja kimoja.

Hospitali walimfunga Mzee bandeji macho yote mawili na plasta ngumu kwenye mkono. Tulipokwenda kumwona, Mama, binti yao na mimi, jambo la kwanza alilotaka ni kusimuliwa. Alisema yeye aliona gongo na sakafu, basi.

“Nieleze kwa mpangilio,” aliniambia. “Usiruke. Na usiniambie unavyofikiri, niambie kilichofuata.”

Nikamtangazia. Sijui neno jingine la kuita nilichofanya. Nilimweleza manyunyu, kofia ya koti, mkono wake ulivyokwenda kwenye redio, mfupa, mzani. Nilimweleza kopo la samli lilivyoruka. Alikuwa ametulia na uso umeelekea darini, midomo wazi kidogo. Nilipofika kwenye goti nilisema Mama alimpiga na yule mtu akabaki chini. Nikanyamaza hapo.

Mama alikuwa anamenya chungwa. Hakuinua macho.

“Mara mbili,” alisema. “Mara ya pili alikuwa chini.”

Binti yao alizaliwa London na kwa kawaida Kiswahili alikisikia tu akajibu Kiingereza. Siku hiyo alikisikia vizuri mno. Alifunga mlango, akasema kwa Kiingereza chake cha haraka kwamba hayo yasisemwe tena mbele ya mtu yeyote, kwa lugha yoyote, kwa sababu polisi wana kanda ya kamera ya duka.

Kweli walikuwa nayo. Niliitwa kituoni kutoa maelezo, na ofisa, mwanamke wa makamo mwenye adabu, akanionyesha. Ilikuwa picha ya kijivu kutoka juu, haina sauti hata kidogo. Nilijiona kando ya friza kama mdoli. Nilimwona Mzee akishuka nyuma ya kaunta na gongo likipanda na kushuka. Halafu Mama. Kwenye picha hiyo hakuwa Mama. Alikuwa mtu mfupi mwenye silaha, na chini yake mtu wa mikono na magoti asiyeshika kitu. Ofisa alirudisha nyuma pigo la pili, akalionyesha tena. Akalirudisha tena. Kila akirudisha, yule mtu aliinuka mzima sakafuni, kisha Mama anamvunja upya. Nilihisi mwenyewe ninaanza kumwogopa.

Aliniuliza, kwa maoni yangu, mtu huyu alikuwa tishio wakati huo? Nikamwambia kamera haina masikio. Nikamweleza vile vitisho, kwamba atarudi kuwachoma moto, na kwamba alivitoa baada ya pigo la kwanza na kabla ya la pili. Akaniuliza kama nina uhakika wa mpangilio. Nilikuwa nao. Nilivisikia kama ninavyosikia jina langu. Aliandika, akasoma alichoandika, nikatia sahihi.

Mama alikuwa ananingoja nje kwenye kituo cha basi, amefunga skafu kichwani. Nilimweleza nilichosema, nikidhani atafurahi. Alilitazama basi lililokuwa linakuja.

“Mimi sikumsikia,” alisema. “Kiingereza kile cha mtaani sikijui. Nilitaka tu kumpiga.”

Tukapanda basi. Njiani alinipa nusu ya chapati aliyoifunga kwenye karatasi.

Mama hakushtakiwa. Yule mtu alikubali kosa, akafungwa, na hatukuitwa mahakamani. Mzee alirudi dukani kiangazi, jicho moja limefifia, mkono umepona kwa kupinda kidogo. Wateja walimletea maua, jambo lililomshangaza. Siku ya kwanza aliweka kaseti mpya kutoka Kanada. Mtangazaji alianza kueleza bendera na upepo, Mzee akafumba macho kama zamani, ukimya ukaja, ukaja mlio. Pa! Mwili wake wote ukashuka nyuma ya kaunta. Alipoinuka alikuwa amejikojolea. Mimi nikajifanya napanga maziwa.

Alijaribu tena kesho yake, na wiki nzima iliyofuata. Alisimama ameshika kaunta kwa mikono miwili, taya zimekaza, kama mtu anayemsubiri adui, na kila mlio ukimfikia alitikisika. Alitukana. Sikuwahi kumsikia akitukana, na matusi yake yalikuwa ya Mwanza, ya vijana wa stendi. Kwenye redio hakuna namna ya kujikinga, aliniambia, kwa sababu mlio unafika kwanza na maneno nyuma. Sifa ile ile aliyokuwa akiisifia redio ndiyo ilimfukuza. Mwishowe aliinyanyua redio kaseti na kuibamiza ukutani, akaipigapiga chini na kisigino mpaka betri zikatoka, mteja akaacha mkate wake akaondoka.

Akahamia kwenye televisheni, na sauti akaizima. Nilimtania kwamba sasa amekuja upande wangu. Hakucheka. Alisema upande wangu hauna watangazaji, wale wawili aliwakata ulimi, amebaki na picha tu. Mimi nilianza kuchukua kaseti zake na kuzisikiliza kwenye chumba changu Walthamstow, na huko, peke yangu, nikakubali kwamba alikuwa sahihi kuhusu yule mzee wa redio. Nilimwambia hivyo. Alijibu kwamba haijalishi tena.

Jioni moja nilienda chumba cha nyuma kuchukua boksi la sabuni. Walikuwa wameketi wote wawili mbele ya televisheni, karibu mno, Mzee amegeuza jicho lake zima kwenye kioo, Mama kando yake na sinia la dengu mapajani. Ilikuwa ile kanda ya kijana aliyepigwa usoni. Hakukuwa na sauti ila mvumo wa mashine ikizunguka. Mpira ukaja, shavu likaingia ndani, jino likaruka. Mzee akabonyeza, kijana akasimama mzima. Mpira ukaja tena.

“Rudisha,” Mama akasema.

Akarudisha. Nyuso zao hazikuwa na ukatili, na hilo ndilo lililonitisha. Walikuwa makini kama watu wanaosoma maagizo ya dawa. Nilichukua sabuni yangu nikatoka. Sikuwahi kuwauliza.

Miaka ya mwanzo ya elfu mbili nilimaliza masomo, nikapata kazi ya ofisi Croydon. Wao wakauza duka na kuhamia ghorofa ndogo karibu na binti yao. Kaka yake Mzee alifariki Kanada na vifurushi vikakoma. Binti alimwonyesha babake kwamba siku hizi unaweza kusikiliza redio ya kule kwenye kompyuta, moja kwa moja, mechi ikiwa inachezwa. Alisikiliza utangulizi tu, watangazaji wakisalimiana na kusoma majina, na mechi ikianza anazima. Aliniambia yule mzee alishastaafu, aliyeshika nafasi yake anapandisha sauti ovyo, anatangaza redio kama anatangaza televisheni. Kwa hiyo, alisema, hakosi mengi.

Nilikuwa nawatembelea Jumapili mojamoja. Katika ziara mojawapo Mzee alikuwa amelala, na Mama ndiye aliyenifungulia. Tulikaa jikoni. Alinieleza, bila mimi kuuliza, kwamba yule mtu ametoka gerezani na amemwona barabarani Harrow, mbele ya benki. Nikashtuka, nikamuuliza kama naye alimwona, kama amewaambia polisi.

Alitikisa kichwa. Yule mtu hakumtambua. Mwanamke mfupi wa Kihindi na mfuko wa mboga, nani angemtambua?

“Nilimfuata mpaka stesheni,” alisema.

“Kwa nini, Mama?”

“Nione anavyotembea.”

Alinyoosha mguu wake mmoja chini ya meza akauburuta kidogo kwenye sakafu, kunionyesha. Alifanya vizuri sana, kwa usahihi wa kutisha: jinsi nyonga inavyopanda, jinsi unyayo unavyochelewa. Kisha akainuka, akawasha jiko, akaniuliza nitakula sasa au nitamsubiri Mzee aamke.